Doti Moja

Siku tatu Zamda, aliyelipwa na wenye bohari ya dawa ajaribu kuidukua kompyuta yao, aliishambulia kutoka mbali, na siku tatu ikamgomea. Siku ya nne akaja kuiona kwa macho yake. Ilikuwa nyeusi, kubwa kama kabati la nguo, ikinguruma taratibu. Akajikuta amevua viatu mlangoni.

"Miaka kumi na tisa, mwanangu," alisema Bi Mkunde, mtunzaji wa kompyuta hiyo. "Wezi wa dunia nzima wamebisha hodi hapa, hakuna aliyeitikiwa karibu. Na neno la siri sijaliandika popote."

"Shikamoo, mtambo," Zamda alinong'ona.

Bi Mkunde akacheka, akatoka kwenda sokoni. Zamda akaondoa kanga iliyofunika kioo kisiingie vumbi, akasoma maandishi yake: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Vidole vikasita. Kisha akayaandika yote, herufi kwa herufi.

Mtambo ukafunguka.

Akakimbilia dirishani. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vyenye maandishi yale yale, na kipande cha pili kilikuwa mgongoni kwa Bi Mkunde, kikikata katikati ya soko. Chini ya dirisha, muuza nyanya alikuwa akimsomea mwenzake maandishi hayo kwa sauti.