Mkono wa Kaka

Mwenyekiti wa bodi ya bonde la mto aliuliza kama wote tunakubali maji yageuzwe kwenda mjini. Mikono ikainuka. Kaka yangu, tuliyemtuma kutusemea sisi wakulima wa upande wa chini wa mto, naye akainua wake.

Nilimkamata kifundo cha mkono. Mshipa wake ulikuwa ukipiga chini ya kidole gumba changu.

"Shusha."

"Dada, tusiaibishane mbele za watu. Wametuahidi kisima."

"Kisima kimoja kitamwagilia mashamba yetu yote?"

Mwenyekiti alitabasamu, akasema mambo ya ndugu tukayamalizie nyumbani. Yeye, alisema, anaona kikao kizima kimeshaafikiana.

Niliubamiza ule mkono mezani mpaka glasi za maji za wajumbe zikamwagika.

"Uliza upya," nikamwambia mwenyekiti, huku nimeung'ang'ania mkono wa kaka usiinuke tena.