Nitafika Mtondo

Badawi alifungua boneti, mvuke ukamrukia usoni, na matusi yote aliyoyajua yakamtoka moja baada ya jingine. Hapo ni Maungu, Alhamisi asubuhi, kwenye barabara ya Nairobi ya siku zile: vumbi jekundu mbele, vumbi jekundu nyuma. Gasketi imekwenda. Mombasa bado maili themanini.

Gari lilikuwa la tajiri yake, limejaa majora ya nguo, na kuliacha porini hakuthubutu. Lakini si gari lililomkata maini. Ni maneno ya mkewe, Mahfoudha, siku aliyomuaga nyumbani kwao Port Reitz: "Ijumaa usipofika, Badawi, hunikuti. Na mara hii usinifuate."

Naye Mahfoudha si mtu wa kutisha bure. Mara mbili walikwisha gombana, na mara mbili Badawi, kwa hasira zake za kupanda upesi, alimwandikia talaka. Kisha akenda Magogoni kwa kaka yake Mahfoudha, kichwa chini, akamrejea kabla eda haijaisha. Ya tatu haina marejeo. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua.

Ugomvi wenyewe ulikuwa ule ule. Kwanza safari zake. Pili mamake, Bi Sheikha, aliyekuwa akikaa Mtongwe. Mahfoudha alikula yamini kwamba hatii mguu kwa mkwewe yule mpaka abebwe. "Nenda japo siku moja ukamwamkie," Badawi alikuwa akimbembeleza. Wapi! Ni kama kuusemesha ukuta.

Basi moja lililokuwa likienda Voi lilichukua maneno yake kwa fundi. Jibu lilikuja alasiri, kwa kinywa cha Mwangi, dereva wa lori la viazi kutoka Nyeri, mtu wa bara mwenye meno ya kucheka.

"Fundi anasema gasketi itatoka Nairobi kwa treni," Mwangi alisema kutoka dirishani, injini yake ikinguruma. "Atakuja nayo yeye mwenyewe, lakini ni siku tatu."

Badawi akahesabu kwa vidole: kesho, kesho kutwa, mtondo. Jumapili! 

"Ndugu yangu, nifanyie hisani. Karatasi sina, kalamu sina. Pita Port Reitz, mlango wa kijani nyuma ya msikiti. Mwambie mke wangu Badawi atafika mtondo. Amngoje, tafadhali."

"Atafika nini?"

"Mtondo!" Badawi akapaza sauti juu ya mngurumo. "Mtondo, bwana!"

"Aah! Hiyo si mbali, mzee." Mwangi akacheka, akatia gia, akenda zake.

Maneno yale yalimpoza Badawi moyo. Kweli, si mbali. Siku tatu ni nini?

Lo, siku tatu zile! Magari yalipita akabaki na vumbi lao. Alikula mkate mkavu, akaswali peke yake, akalala juu ya majora. Alikuwa amemnunulia Mahfoudha viatu vya kisigino huko Nairobi. Siku ya pili akavitoa kwenye karatasi, akaviweka juu ya boneti, akaanza kuvisemesha. Aliviambia habari ya gasketi. Aliviambia kwamba safari za mbali ameziacha, wallahi, atatafuta kazi ya bandarini awe akilala kwake. Hajapata kuwa mpweke namna ile tangu azaliwe. Upweke ule ulimfanya alie, na hakuona haya, maana nani wa kumuona?

Jumapili fundi alikuja na gasketi yake, na saa kumi Badawi alikuwa Port Reitz, viatu kwapani.

Mlango ulikuwa na kufuli. Alifungua kwa ufunguo wake. Meko baridi. Mkoba wa Mahfoudha haupo, na buibui halipo msumarini.

Alitoka hadi barazani kwa jirani, Mzee Obeid. "Shikamoo, ami. Mahfoudha yuwapi?"

"Marahaba, mwanangu. Aliondoka Ijumaa asubuhi na mkoba wake. Hakusema aendapo." Mzee akaongeza: "Ila alikuwa akicheka."

Akicheka! Mtu ametumiwa maneno, ameombwa amngoje mumewe, naye akafunga mkoba akenda kwao akicheka! Badawi aliona dunia nyekundu kama ile barabara. Mara mbili alikwenda Magogoni kujidhalilisha. Mara hii haendi. Akaomba karatasi na kalamu.

"Andika kesho, mwanangu. Lala kwanza."

"Nimelala siku tatu nikimuota, ami. Yatosha."

Akaandika. Alipomaliza akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, jina la mkewe na la babake mkewe, talaka ya tatu, ili asipate njia ya kujirudi. Mzee Obeid aliinamisha kichwa. Karatasi ikakunjwa, tayari kupelekwa Magogoni.

Honi ikalia njiani. Lori la viazi likasimama, na Mwangi akashuka, meno yote nje.

"Mzee! Gari imepona? Nimeiona hapa njiani, nikasema nisimame nikusalimie." Akatazama mlango wa kijani, kisha viatu vya kisigino vilivyolala barazani, akakuna kichwa. "Lakini sasa unafanya nini huku? Bibi yako alifurahi sana, akasema basi yameisha, na Ijumaa nilimbeba mimi mwenyewe mpaka kivukoni. Si uliniambia akungojee Mtongwe?"