Liwa la Mama Mkwe

Mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga, nirudi kwetu Nosy Be. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, nami nilikuwa bi harusi wa siku nane mjini Mahajanga. Mume wangu alikuwa amerudi kazini melini, akaniacha kwa mama yake.

Kila alasiri wanawake wa mtaani walijaa uani kwetu. Walinisogezea mkeka na chai, wakanitania: "Wa Nosy Be, umetuletea nini, au meno ya kuchekea tu?" Wakacheka wote.

Nyuso zao sizikumbuki. Niliuona uso mmoja tu, wa mama mkwe wangu, Bi Mariyama, wa manjano kwa liwa, msandali uliosagwa wa kujipaka usoni. Haukucheka. Niliketi katikati ya watu kumi kama niko peke yangu.

Siku ile aliukuta mzigo mlangoni.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" aliuliza, midomo ikisogea kidogo tu.

"Kwetu, Mama. Hunipendi. Hujanichekea hata siku moja."

Alichovya vidole kwenye liwa bichi juu ya jiwe la kusagia, akanipaka mashavuni polepole, kama anayempaka mtoto. Akanipepea mpaka likakauka, likanivuta ngozi.

"Haya, cheka wewe kwanza."

Sikuweza, lingepasuka. Nami nilikuwa nikijipaka liwa tangu usichana wangu, ila hofu ilikuwa imenisahaulisha kwamba mwenye liwa kavu hacheki.

Nikamtazama tena, safari hii machoni. Kwenye shavu lake la kushoto, liwa likaanza kupasuka.