Cheti cha Minembwe

Isidore, fundi wa kompyuta wa kituo cha afya cha Baraka, aliielekeza mashine kwenye folda mpya ya vyeti, vitambulisho vya vituo vinavyoruhusiwa kuitumia ujumbe. Tangu sasa ingeamini vituo vya Fizi na Mboko tu. Cheti cha Minembwe alikiacha kwenye folda ya zamani.

"Tuone kama nesi atacheka tena," alijisemea.

Muuguzi wa kiume wa Minembwe ndiye aliyekuwa akiandika kuonya kila wenye bunduki waliposhika njia. Akinyamaza, gari la chanjo hupanda mlimani. Lakini siku hizi aliandika hata njia ikiwa shwari, salamu tupu, na nesi wa chanjo wa Baraka alizisoma akicheka, kiganja mdomoni. Isidore hakuwahi kuchekewa hivyo.

Nesi akaingia na kasha la chanjo. Kitenge kipya. Na manukato!

"Ndugu Isidore, Minembwe iko kimya?"

"Kimya."

"Basi njia iko muzuri. Mi napanda."

Mlango wa gari ukabamizwa. Mara mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini: Minembwe inaomba kuunganishwa, cheti hakiaminiki, imekataliwa. Ukaja wa pili. Wa tatu. Wa nne.

"Tazama anavyomutaka!"

Isidore akasonya, akazima skrini. Manukato yalikuwa bado chumbani; mlio wa gari ulikuwa umeshapotelea mlimani.