Kibandiko cha Kijani

Earlene aliingia ukumbi wa maktaba, pale Toledo, akiwa na neno moja tu mdomoni.

"Wewe mtu wa jiji, ubao wa mapaa uko wapi? Mwaka jana niliwalilia, mkanipa kahawa."

Nikampa kibandiko chake cha kijani. Ndivyo sisi wa ofisi ya jiji tunavyowauliza wakazi pesa za serikali kuu zitumike wapi: mbao zimepangwa ukutani, kila ubao na hitaji lake, kama kukarabati mapaa yanayovuja, na kila mtu anabandika panapomuuma.

Mbele ya ubao wa mapaa palikuwa na mtu. Koti lake lilikuwa limelowa, blanketi limefungwa kwa kamba mgongoni. Alikuwa akikibonyeza kibandiko chake kwa kidole gumba, taratibu, kana kwamba anaogopa kitadondoka.

"Kaka," nikamwambia, "vitanda vya wasio na makazi ni ubao ule wa pili."

"Kusoma najua. Hiki ni cha mama yangu. Chumbani kwake kunavuja."

Nyuma yangu Earlene akasimama ghafla.

Yule mwanamume akageuka, akamwona. Hakumsogelea.

"Beseni bado unaliweka kitandani, Mama?"

"Bado." Earlene akalitazama lile blanketi. "Unalala wapi siku hizi?"

"Popote. Tangu ubadilishe kitasa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja mtaa anaoishi.

Earlene akainamisha macho. Kibandiko kilikuwa kimemganda kidoleni.

Kisha akaupita ubao wa mapaa, akasimama mbele ya ule wa vitanda.