Mashine ya Kukimbilia ya Mektilda

"Hii kimya mno," Mektilda alisema, akashuka kwenye mashine ya kukimbilia. "Nionyeshe inayounguruma."

Pantaleo, mwenye duka, akamgeukia Mama Rhoda kama anayeomba msaada. Mama Rhoda akabetua midomo. Alikuwa amemsindikiza mpangaji wake huyu mjini Geita kwa sababu hakuna anayemshinda kuteremsha bei, wala si kwa mapenzi. Mtu mwenyewe mwembamba kama ufito, eti anatafuta mashine ya mazoezi. Makubwa haya.

"Wateja wote wanataka ya kimya, dada," Pantaleo alisema.

"Mimi nataka ya kelele. Na iwe ya kukunja, isimame ukutani."

Akafungua pindo la kanga, akatoa kamba yenye mafundo mawili, akapima nayo upana wa mashine, kisha urefu. Kasi hakuuliza. Mama Rhoda aliona aibu mpaka akajifanya anatazama baiskeli.

Mshamba ni mshamba tu. Na mumewe, Agapiti, ndiye balaa zaidi. Anajiita mlinzi wa zamu ya usiku, basi mchana kutwa kajifungia chumbani analala, huku mkewe akihangaika na vitalu vya mchicha, kila siku kuongeza udongo. Dume zima!

Baba Rhoda, yeye alikuwa mwanaume. Alikufa akiapa kwamba kiwanja chake kina dhahabu. Mama Rhoda alimwamini. Aliuza ng'ombe mmoja mmoja mpaka zizi likabaki mbolea, akachimbisha mashimo matatu uani, akaambulia mawe. Sasa hana kitu ila ile nyumba, na tamaa inayomwamsha kila alfajiri. Kisa hicho humsimulia kila mpangaji siku ya kwanza anapomkabidhi ufunguo wa chumba cha mbele. Agapiti alikisikiliza mdomo wazi, zuzu yule.

Mashine ikafika, ikaunguruma asubuhi mpaka jioni. Majirani walipolalamika, Mama Rhoda aliwajibu, "Mwacheni akimbie. Labda atafika kwao Ushirombo." Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki ya tano, ufa ukachomoza kwenye ukuta wa sebule. Hapo kicheko kikamkauka. Nyumba ndiyo iliyobaki, na sasa mtetemeko wa mashine ya mwendawazimu unaipasua. Akatoka nje, akamkuta Mektilda ameinama kwenye mchicha, anamimina ndoo ya udongo. Chumbani mashine inaendelea kuunguruma.

"Shikamoo, Mama Rhoda," Mektilda alisema, ndoo ikamponyoka.

Mama Rhoda akageukia chumba cha mbele. Anayekimbia ni nani, basi? Yule mvivu, labda, ameamka. Akapiga hodi, hodi ikamezwa na kelele, akasukuma mlango.

Kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu. Mkanda wa mashine unazunguka wenyewe.

Umeme unateketea bure namna hii! Akachomoa waya. Kisha kwa hasira akainua mashine, akaikunja, akaisimamisha ukutani, apate kuikokota mpaka nje.

Pale ilipokuwa, sakafu haikuwepo. Palikuwa na ngazi ya miti, imeshuka gizani.

"Mke wangu, mbona umezima?" sauti ya Agapiti ikatoka chini kabisa. "Shusha ndoo upesi. Marehemu hakudanganya."