Tausi Mkekani

Katika mji ule, sanduku la bibi harusi lisilo na simu ya kampuni ya Tausi lilikuwa likirudishwa kwa bwana harusi na kanga zake zote. Kulikagua ilikuwa kazi ya shangazi, na Bi Mwanahawa hakuwa mtu wa kusamehe. Aliiweka simu yake mkekani, nembo ya tausi juu, akafungua sanduku.

Viatu, udi, vitenge. Chini kabisa, simu ya kampuni nyingine, ile wanayotembea nayo wachuuzi.

"Lifungeni," alisema. "Lirudi lilikotoka."

Sabiha, bibi harusi mwenyewe, alitoa mkono ndani ya kanga aliyojifunika, akaichukua ile simu.

"Shangazi, nitazame kwanza."

Akampiga picha palepale kwenye kiza cha chumba, akamwonyesha.

Simu yake ya Tausi, humo chumbani, ilizoea kumtoa kivuli kitupu. Kwenye picha hii ilionekana hina ya vidoleni, ulionekana mshono wa buibui, na macho yake yalikuwa yake.

"Na chaji yake haiishi upesi," mtu alinong'ona nyuma.

Wote walisubiri kauli ya Bi Mwanahawa, sanduku bado li wazi. Mkono wake ulishuka mkekani polepole, ukaigeuza simu yake, tausi akalala kifudifudi.